Redio Iliyougua Bondeni

Mwalimu aliingia dukani kwetu asubuhi ya Jumatatu, mwaka 1976, akiwa ameikumbatia redio yake kama mtoto aliyelala. Alikuwa amehamishiwa shule moja ya Bonde la Kerio muhula ule. Aliiweka juu ya meza, akaiwasha, na Sauti ya Kenya ikatoka safi, bila hata mkwaruzo.

"Mnaona?" akasema kwa uchungu. "Hapa Eldoret ni nzima. Nikishuka nayo bondeni, saa saba mchana inaanza kukoroma. Na mawe yanaisha kwa siku nne."

Kwa msomaji kijana: mawe ndilo jina tulilozipa betri. Yale makubwa ya mviringo, yenye picha ya paka, yalitengenezwa hapo Nakuru, na katika nyumba nyingi za Uasin Gishu hayo ndiyo yaliyokuwa stima pekee. Nyaya za umeme zilipita mjini na kwenye mashamba makubwa machache. Kwingine kote giza lilikuwa la koroboi. Mama akishauza maziwa, alihesabu pesa za sukari na mafuta ya taa, halafu akatenga za mawe, na baba hakuthubutu kuzigusa. Mawe yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati, tukayarudisha redioni yakatufaa siku moja zaidi. Kwa hiyo mtu aliposema mawe yanaisha kwa siku nne badala ya wiki tano, alikuwa analeta kilio cha nyumba nzima.

Nilikuwa na umri wa miaka 19, mwaka wangu wa pili wa uanagenzi katika duka hilo dogo, nyuma kidogo ya Barabara ya Uganda. Fundi wangu, ambaye nilimwita Mzee na ambaye alinifundisha kila kitu mikono yangu inachojua, aliipokea redio ile, akabadilisha kapasita mbili, akairudisha. Baada ya wiki mbili Mwalimu akarudi nayo. Tukabadilisha waya wa spika. Akarudi tena. Mara ya tatu hakusalimia. Alisema tu, "Mnanilia pesa," akaondoka akituachia redio mezani.

Neno hilo lilinikaa moyoni. Jioni ile niliomba nibaki na redio. Mzee alinipa funguo bila kusema lolote.

Nilichokuwa nacho kilikuwa mita ya mshale, bisibisi mbili, chuma cha kuchomea risasi, na kumbukumbu ya jambo dogo lililotokea mwaka uliotangulia. Transista za kwanza nilizozishika zilikuwa za Mullard, OC71 na OC72, vichupa vya kioo vilivyopakwa rangi nyeusi. Siku moja nilikwangua rangi ya OC71 iliyokuwa imetupwa, nikaiunga na mita, nikaisogeza dirishani. Mshale ukapanda. Nikaifunika kwa kiganja, ukashuka. Nilicheza nao mpaka Mzee akanikemea, lakini sikusahau: kitu kile kilichotakiwa kukaa kimya mpaka kiamriwe kilikuwa kinapitisha umeme kwa sababu tu mwanga umekigusa.

Sasa nikajiuliza, kama mwanga unaweza, je, joto? Usiku wa Eldoret ni baridi, mji uko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na sakafu ya Bonde la Kerio iko chini yake kwa karibu mita 1,000. Mtu akishuka ule ukuta wa Elgeyo huvua koti njiani. Redio haikuwa na koti la kuvua.

Nilikuwa na kikombe cha chai, kile cha bati lenye rangi, kimejaa na kinafuka. Nilipima mkondo wa redio ikiwa imewashwa lakini sauti imeshushwa kabisa: miliampea 8. Kisha nikaegemeza kikombe kwenye zile transista mbili za mwisho zinazosukuma spika, AC128 pacha, na nikatazama mshale. Kumi na mbili. Kumi na nane. Ulipofika 30 nikapandisha sauti kidogo, na redio ikakoroma kama alivyosema Mwalimu. Nikachukua kitambaa nilichokilowesha kwa maji ya mtungi, nikakibandika pale pale. Mshale ukarudi taratibu, na mtangazaji akapata sauti yake.

Sijapata usiku mwingine kama ule. Nilikuwa peke yangu, mvua inapiga bati, na nilijua ukweli mmoja wa ulimwengu kwa macho yangu mwenyewe.

Asubuhi Mzee alisikiliza, akarudia jaribio lote kwa chai yake, kisha akasema, "Transista inavuja. Huo ndio ugonjwa wake." Hilo ndilo neno lililokuwa sahihi na ndilo linalotumika hadi leo katika maabara kubwa kuliko zote. Transista ni mlango wa umeme. Ukiamriwa unafunguka, ukiamriwa unafungwa. Lakini hakuna mlango unaofungwa kabisa. Zile za zamani zilikuwa za jerimaniamu, ambamo elektroni hazikushikwa kwa nguvu sana. Joto dogo tu liliziachilia zikaanza kutembea bila ruhusa. Kila nyuzi kumi hivi za joto zikiongezeka, mvujo unakaribia kuwa maradufu. Na mvujo wenyewe huipasha transista moto, ikavuja zaidi, mpaka siku nyingine inajiua. Silikoni hushika elektroni zake vizuri zaidi, ila mlango wake unahitaji msukumo mkubwa kufunguka, karibu volti 0.6, wakati jerimaniamu hutosheka na 0.2 au 0.3.

Tuliitengeneza redio ya Mwalimu kwa kuivalisha kila transista kibawa cha bati cha kutolea joto, na kwa kubadilisha rezista moja ili mkondo wa kimya upungue. Hapo ndipo nilipokutana na shida ambayo imenifuata maisha yangu yote. Ukipunguza mkondo wa kimya, mawe yanadumu, lakini sauti ikiwa ndogo inakwaruza, maana transista moja inachelewa kuamka pale mwenzake anapomwachia kazi. Ukiuongeza, sauti inakuwa laini kama siagi, na mawe yanaliwa hata redio ikinyamaza. Hakuna rezista inayokupa vyote viwili. Mzee alimweleza Mwalimu wazi na kumuuliza anataka nini.

"Mimi nataka habari," Mwalimu akasema.

Tukamwekea rezista ya mawe mengi. Hakurudi tena kulalamika, na redio za wateja wa bondeni zikaanza kuja kwetu moja baada ya nyingine.

Nilifahamu faida ya uamuzi ule Jumapili ya Agosti 1, 1982. Asubuhi hiyo askari wa Jeshi la Wanahewa walikuwa wameiteka Sauti ya Kenya kule Nairobi, na Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyojulikana katika kila nyumba, alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Maduka hayakufunguliwa. Mtaani kwetu Huruma, hapa Eldoret, mawe yalikuwa yamechoka karibu kila nyumba, na hakuna pa kununua. Redio yangu ilikuwa imerekebishwa kama ya Mwalimu. Majirani walileta mawe yao mabovu, nikayachagua kwa mita, nikaunganisha manne yaliyobaki na uhai kidogo. Kwa pamoja hayakufika volti 4, ilhali redio ilitaka 6. Ilisema kwa sauti ya mgonjwa, lakini ilisema. Watu zaidi ya ishirini walikaa uani kwangu tangu asubuhi mpaka tulipotangaziwa kwamba jeshi lililo tiifu kwa serikali limekirudisha kituo. Mama mmoja aliyekuwa na mwanawe jeshini alikaa karibu zaidi na spika. Siku hiyo hakuna aliyejali kama sauti inakwaruza.

Mwaka 1988 nilipata kazi ya fundi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses. Chuo kilikuwa kichanga. Kilianza mwaka 1984 na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi, na majengo mengine yalikuwa bado yananuka rangi. Nilienda nikidhani naanza maisha mapya, kumbe nilikuwa naifuata redio ile ile.

Idara ya misitu ilitaka chombo cha kurekodi joto na unyevu ndani ya msitu, kiachwe huko majuma mengi bila mtu. Wanafunzi wa uhandisi wakakibuni kwa chipu zilizokuwepo kabatini, zile za familia ya 7400. Chombo kilifanya kazi vizuri mezani, kikihesabu bila kosa. Nikakipima: zaidi ya miliampea 200, mchana na usiku, kiwe kinarekodi au kimekaa tu. Kwa mawe makubwa ya tochi, hiyo ni siku moja au siku na kidogo. Mhadhiri wao, mtu mpole aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, alinitazama nilipomwambia, akasema, "Kumbe nawe unapima kimya." Kisha akatoa kalamu.

Somo alilolitoa ubaoni mchana ule ninalo hadi leo kwenye daftari. Chipu ile ya 7400 ya kawaida hula karibu miliwati 10 kwa kila lango la mantiki, na huamua kwa nanosekunde 10 hivi. Watengenezaji walitoa ndugu zake. Mmoja, wa herufi L, hula miliwati 1 tu lakini huchukua nanosekunde 33. Mwingine, wa herufi S, hukimbia kwa nanosekunde 3 na hula karibu miliwati 20. Baadaye akaja LS, miliwati 2 kwa nanosekunde 10 hivi, kwa sababu wabunifu waliizuia transista isijae elektroni kupita kiasi, ikawa nyepesi kugeuka. Nilizitazama tarakimu hizo nikamwona Mwalimu mbele ya meza ya Mzee. Walikuwa wanauza rezista ile ile, kwa majina manne.

Halafu akafuta ubao, akachora kitu tofauti. Mwaka 1963, Frank Wanlass wa kampuni ya Fairchild alizipanga transista mbili za aina zinazopingana, moja juu na moja chini, zikiamriwa na ishara moja. Ya juu ikifunguka ya chini inafungwa, ya chini ikifunguka ya juu inafungwa. Hakuna wakati, isipokuwa ule mpepeso wa kugeuka, ambapo umeme una njia ya kupita moja kwa moja. Saketi ikitulia ilikula nanowati badala ya miliwati, yaani kiasi cha mara milioni pungufu. Mpangilio huo huitwa simosi. Nilisimama pale nikiwa na chuma cha kuchomea mkononi, na nakiri macho yalinilengalenga. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimeamini kwamba kimya lazima kilipiwe.

Chipu za simosi tulizozipata, za familia ya 4000, zilikuwa polepole mno, na wanafunzi wakanung'unika. Mhadhiri akawauliza joto la msitu hubadilika mara ngapi kwa nanosekunde moja. Wakanyamaza, wakabuni upya. Kilichotusumbua kilikuwa kingine. Lango la transista hizo, yaani sehemu inayoziamuru, limekalia utando mwembamba wa glasi, na utando huo hutobolewa na cheche usiyoiona. Ilikuwa Januari, kiangazi kikavu cha Eldoret, nami nilivaa sweta ya sufi. Niliziua chipu tatu kabla sijaelewa. Tangu hapo nilichomeka miguu ya chipu kwenye karatasi ya fedha, nikavua sweta, na kushika bomba la maji kabla ya kuzigusa. Chombo kikaenda msituni. Miezi minne baadaye kilikuwa bado kinahesabu kwa mawe yale yale.

Kuanzia hapo nilifuatilia jambo hili kama wengine wanavyofuatilia riadha, na wenzangu wa Eldoret wanajua maana ya kufuatilia riadha. Nilisoma kila jarida lililofika maktaba. Kisa kimoja nawasimulia vijana kila nipatapo nafasi. Mwaka 1985, kule Cambridge, Uingereza, Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn walipokea chipu yao ya kwanza ya ARM, yenye transista zipatazo 25,000. Furber aliunga mita apime inakula kiasi gani. Mita ikaonyesha sifuri, na chipu inafanya kazi. Kumbe umeme wake haukuwa umeunganishwa kabisa. Ilikuwa ikijiendesha kwa umeme mdogo unaopenya kupitia nyaya za ishara. Walitaka isivuke wati moja ili waifunge kwa plastiki ya bei nafuu, wakapata sehemu ya kumi tu ya wati. Uzao wa chipu hiyo uko katika simu ya kila mtu ninayemjua.

Kasi nayo ilikuwa na fomula yake. Mwaka 1974, Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba ukiipunguza transista kwa urefu, upana na unene, na ukashusha volteji kwa kiasi hicho hicho, itageuka haraka zaidi na eneo moja la silikoni halitazidi kupata joto. Sababu inaeleweka hata na mchota maji. Kila swichi ikigeuka hujaza kibuyu kidogo cha chaji na kukimwaga. Nguvu inayotumika hufuata ukubwa wa kibuyu, idadi ya safari kwa sekunde, na volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Shusha volteji nusu, matumizi yanabaki robo. Kwa miaka thelathini dunia iliishi kwa baraka hiyo: kompyuta za kila mwaka zilikuwa na kasi zaidi bila kuwaka moto.

Kisha mvujo ukarudi. Volteji ikishuka, lazima kizingiti cha kufungua mlango kishuke pia, la sivyo transista inachelewa. Lakini kwa kila milivolti 60 hadi 100 unazoshusha kizingiti hicho, umeme unaopenya mlango ukiwa umefungwa huongezeka mara kumi. Nilikuwa bado kazini mwaka 2004, wakati chipu ya Pentium 4 ilipofikia gigahezi 3.8 na wati 115. Ilikuwa taa ya kuangazia chumba, imefungiwa ndani ya sanduku. Mwaka huo huo Intel iliachana na mrithi wake aliyekusudiwa kukimbia zaidi. Wabunifu wa dunia nzima walikuwa wamefika kwenye kikombe changu cha chai.

Namna walivyotoka hapo ndiyo inayonifurahisha kuliko yote, maana mkamuaji yeyote wa huku kwetu angewaonyesha. Transista ya kawaida ni bapa, na lango limelala juu yake, kama mtu anayejaribu kuzuia maziwa kwa kukandamiza chuchu ya ng'ombe kwa kidole kimoja kutoka upande mmoja. Yanapenya upande wa pili. Chenming Hu na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliisimamisha silikoni kama pezi la samaki, lango likaikumbatia pande tatu. Intel ilipotangaza transista za namna hiyo mwaka 2011, ilisema zina kasi zaidi kwa hadi asilimia 37 katika volteji ndogo, au zinatumia chini ya nusu ya nguvu kwa kazi ile ile. Mwaka 2022 Samsung ikaanza kuzalisha zile ambazo lango huzunguka pande zote nne. Huo sasa ni mkono kamili wa mkamuaji.

Watu wa vijijini kwetu walikwisha kutoa hukumu yao zamani. Simu zilipoingia, iliyoshinda ilikuwa Nokia 1100, tuliyoiita mulika mwizi, iliyotoka mwaka 2003 na kukaa na chaji majuma mawili ikisubiri tu. Mtu alishuka nayo sokoni mara moja kwa wiki, akalipa shilingi 20 ichajiwe, akarudi nyumbani. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 ilikuta simu zinazodumu tayari mifukoni.

Nimestaafu sasa. Kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayotengeneza bidhaa za nusu-vipitishi, na kila nikisoma habari zake najisikia kijana. Vijana wa Eldoret huniletea michoro ya saketi zao, na karibu wote hunitajia kwanza kasi. Nawaomba wahadhiri wa Kesses na walimu wa vyuo vya ufundi jambo moja lisilohitaji bajeti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe redio ya jerimaniamu, mita ya mshale na kikombe cha chai moto, aachwe peke yake mpaka redio ikorome. Mimi redio ninayo, na nitaitoa bure.